Sini moja ya jioni Mikindani lakini tunapiga Jumamosi tofauti, tutaunganishaje ionekane ni jioni moja?

kamera_ya_chuo (Mtwara)

Habari za jioni wadau. Mi nasoma diploma ya mambo ya habari hapa Mtwara, tumepewa kazi ya filamu fupi isiyozidi dakika 8, kundi letu tukachagua hadithi ya mama muuza samaki na mwanae aliyerudi kutoka Dar bila taarifa. Sini (tukio moja la hadithi, mahali pamoja) kubwa ni moja, jioni ufukweni Mikindani, mama anafunga biashara, mtoto anatokea, wanaongea, mwisho mtoto anamtwika mama beseni la samaki waliobaki wanaondoka. Kwenye skripti ni kama dakika 4 mfululizo, muda hauruki hata kidogo.

Sasa mama anayeigiza ni mtu mzima ana shughuli zake, anapatikana Jumamosi kuanzia saa 10 jioni tu na jua likizama ndo basi. Kwaiyo sini hiyohiyo moja itapigwa Jumamosi mbili tatu hivi na inatakiwa ionekane ni jioni moja. Mtoto hana shida, tunasoma nae, anapatikana muda wowote baada ya vipindi.

Tuna kamera moja ya chuo na simu. Juzi tulijaribu na simu hapo Shangani, bila mavazi bila nini, tuone tu, tulivyounganisha zile klipu mama na mtoto wote wanaangalia upande mmoja kama wapo kwenye foleni wakati pale walikuwa wanatazamana kabisa, alafu kila tukikata picha inashtuka hata kama mtu yuko palepale. Mwalimu katuambia tukaielewe kontinyuiti (yani shoti ziungane bila kitu kuruka) kwanza ndo tupewe kamera. Naombeni mwongozo, mnaofanya hizi kazi huku kusini mnaanzia wapi?

edita_lindi

Safi kuuliza kabla ya kupiga, wengi wanauliza mzigo ukiwa tayari upo kwenye taimlaini ya kuediti na hapo watu wanabaki kukupa pole tu.

Hilo la wote kuangalia upande mmoja ni kuvuka mstari. Chukulia mama na mtoto wamesimama wanatazamana. Vuta mstari wa kufikirika kutoka pua ya mama mpaka pua ya mtoto, urefushe pande zote mbili. Kamera inachagua upande mmoja wa huo mstari na inabaki hukohuko sini nzima, yani una nusu duara ya nyuzi 180 ya kuzungukia. Ukiwa upande huo mama yupo kushoto kwa fremu (picha inayoonekana) anaangalia kulia, mtoto yupo kulia anaangalia kushoto, iwe unawapiga wote wawili au mmoja mmoja. Ukirukia ng'ambo kwa shoti (kipande kimoja bila kukata) moja tu ya mtoto, naye ataangalia kulia, ndo hicho mlichokiona. Waigizaji hawajakosea chochote, kamera ndo imehama.

Kwa lokesheni yenu ningewasimamisha sambamba na maji, kamera ikae upande wa bara iangalie bahari. Mtwara na Lindi jua linachomoza baharini linazama upande wa bara, kwaiyo jioni jua litakuwa nyuma ya kamera linawapiga usoni, ngozi inatoka vizuri na nyuma yao kuna maji na madau. Mkienda upande wa maji mkaangalia nchi kavu jua linakuja machoni kwa kamera, nyuso zinakuwa nyeusi. Inaweza kupendeza pia ila amueni moja, maana mkichanganya mtazamaji anaona bahari, akipepesa anaona nyumba, anapotea.

Kuvuka mstari sio haramu lakini, ila mtazamaji avuke na wewe. Kamera itembee kwenye shoti moja bila kukata, au mtoto mwenyewe atembee amzunguke mama tukimuona, au weka shoti iliyo juu ya mstari kabisa mtu akiwa anakuja usawa wa lenzi, baada ya hapo mstari mpya unaanza.

Picha kushtuka: mlikata kutoka shoti ya mama kwenda shoti nyingine ya mama iliyofanana nayo mno. Ukitaka kukata kwa mtu yuleyule hamisha kamera angalau nyuzi 30 NA ubadilishe ukubwa, mwili mzima uende kiunoni, kiunoni uende usoni. Kusogea hatua moja alafu ukakata, jicho linaona kitu kimeruka.

Na macho. Ukimpiga mama peke yake huyo mtoto asiende kunywa soda, asimame pembeni ya lenzi, upande uleule anaotakiwa kuwepo. Kama mama kakaa kwenye kigoda na mtoto kasimama basi mama anaangalia juu na mtoto anaangalia chini, na ile pembe ifanane. Siku mmoja hayupo simamisha stendi, bandika selotepu kwenye urefu wa macho yake, mwenzie aiangalie hiyo.

bi_skripti

Mdogo wangu hapo juu umejibiwa vizuri, mi naongezea la mtu. Kwenye kundi lenu chagueni mmoja ambaye kazi yake siku ya kupiga ni kuangalia tu. Asishike maiki, asibebe reflekta, asitumwe maji. Dairekta anaangalia uigizaji, mpiga picha anaangalia fokasi, hakuna anayeona kwamba teki (kila mara shoti inaporudiwa) ya 2 mama alishika kisu mkono wa kulia na teki ya 4 kashika wa kushoto. Utaliona usiku mkiwa mmeshaachana.

Huyo mtu awe na daftari na simu. Kila shoti anaandika namba ya sini, shoti, teki, teki gani nzuri, na NENO GANI linaenda na KITENDO gani. Mfano mama anasema "umekonda" ndipo anafuta mkono kwenye kanga. Basi teki zote, engo (pande za kamera) zote, Jumamosi zote, anafuta mkono kwenye "umekonda", sio kabla sio baada. Hili ndo linalomuokoa edita kuliko kitu kingine chochote, maana vitendo vikitua kwenye maneno yaleyale unaweza kukata popote.

Picha apige mwanzo na mwisho wa kila shoti. Mwanzo peke yake haitoshi, vitu vinahama katikati. Kwa sini yenu mi ningeangalia kanga kwanza. Pindo lipo wapi, fundo lipo kushoto au kulia, ya kichwani imefunika sikio au imeliacha wazi. Kanga ina maandishi, herufi zikionekana nusu kwenye shoti hii na zote kwenye shoti inayofuata watu wataona tu hata kama hawasomi. Nunueni doti mbili zinazofanana, moja ikilowa maji ya samaki mnayo nyingine. Alafu zisifuliwe katikati ya hizo Jumamosi! Kanga mpya ina ugumu wake na rangi yake, ikipita kwenye maji mara moja inalegea na kamera inaliona hilo.

Samaki nao. Jumamosi ya kwanza beseni lina changu wangapi, wamelala vichwa upande gani, piga picha kutoka juu. Wiki inayofuata mnanunua aina ileile na ukubwa uleule. Kama bajeti inabana basi mama anapofunga biashara afunike beseni na kipande cha kiroba mapema kabisa kwenye sini, kwaiyo shoti nyingi zinaonyesha kiroba na samaki mnawanunua mara moja tu. Ni mabadiliko madogo ya skripti ila yanawapa nafuu kubwa.

Na muombe mama kwa heshima asisuke upya wala kupaka hina mpaka mmalize, mwambieni mapema kabisa. Kijana nae asinyoe.

maji_na_mwezi

Mi ni mtu wa Mikindani, nimewahi kuwasaidia watu wa video lokesheni za ufukweni huku. Mnaongea kanga na samaki lakini hamjaongelea BAHARI, na bahari ndo itawaumbua kuliko vyote.

Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Sasa piga hesabu. Siku 7 mara dakika 50 ni karibu saa 6. Kutoka maji kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na kidogo. Maana yake Jumamosi hii saa 11 jioni kama maji yamejaa yanagusa miguu ya mama, Jumamosi ijayo saa 11 hiyohiyo yatakuwa yamekupwa, tope na mchanga mpaka mbali huko, madau yamelala ubavu. Wakati wa bamvua (maji yanapojaa sana na kupwa sana) tofauti ya maji huku pwani yetu inafika mita 3 hivi, sio kitu cha kuficha kwa kuediti. Mtu anaongea na mama maji nyuma yake, unakata, maji hakuna, unakata tena maji yamerudi!

Dawa yake msipige Jumamosi zinazofuatana. Rukeni moja. Baada ya siku 14 maji yanakuwa karibu hali ileile saa ileile, yanawahi kama dakika 40 tu, na mwezi nao unakuwa umefika upande wa pili, kama ya kwanza ilikuwa bamvua na hii ni bamvua, kama yalikuwa maji mafu (yasiyopanda wala kushuka sana) na haya maji mafu. Mkianza kupiga dakika 40 mapema siku ya pili maji yanakaa palepale, ila jua litakuwa juu kidogo, kwaiyo hapo mnapima wenyewe kipi kinaonekana zaidi kwenye shoti husika.

Na huyo kijana mbona mnamfunga na Jumamosi ya mama? Mpigeni Jumapili, kesho yake. Maji yamechelewa dakika 50 tu, viatu vyenye mchanga vilevile, hali ya hewa mara nyingi haijabadilika sana. Mtu mwingine amsomee maneno ya mama pembeni ya lenzi.

Jua huku mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na saa 12 na dakika 50, lakini kwa Mikindani msihesabu mpaka hapo, kuna vilima nyuma ya mji, jua linajificha mapema na kivuli kinaanza kutambaa kuja ufukweni. Nendeni siku ya kawaida mkae muangalie kivuli kinafika saa ngapi pale mnapotaka kusimama. Jedwali la maji waulizeni watu wa bandari, au muulizeni mvuvi yeyote atawaambia bila hata kuangalia karatasi.

kamera_ya_chuo (Mtwara)

Jamani hii ya maji sikuwa naijua kabisa na nimezaliwa hukuhuku, asanteni mno. Tumekaa kikundi tukapanga Jumamosi ya kwanza tupige shoti pana ya sini nzima na shoti za mama, Jumapili mtoto, alafu tunaruka wiki moja tunamalizia mama. Dada bi_skripti tumeshampata mtu wa daftari, ni msichana makini sana.

Swali lililobaki ni kwenye kuediti. Ile sehemu ya kumtwika beseni tunaitaka iwe na shoti pana, mikono kwa karibu, na uso wa mama. Tunakata wapi? Na sauti ya mawimbi si itakuwa inaruka kila tukikata?

edita_lindi

Mpango mzuri. Ila hiyo shoti pana igizeni sini nzima mwanzo mpaka mwisho hata kama mnajua mtatumia sekunde 20 zake, ndo ramani yenu ya nani alikuwa wapi neno gani likisemwa.

Beseni. Kitendo chote kifanyike KILA engo, kuanzia kuinama mpaka beseni linatulia juu ya kata kichwani. Usiseme kwenye shoti ya mikono "anzia hapo beseni likiwa hewani", mwili unajua kama umebeba mzigo au umeanzia katikati, mabega yanasema. Na beseni liwe na uzito uleule, msitoe samaki eti aigize kirahisi.

Kwenye taimlaini kata wakati kitu kinatembea, usikate kikiwa kimetulia. Jicho la mtazamaji linafuata beseni linapoacha mchanga, kwaiyo ukikata pale linaponyanyuka tu, robo hivi ya safari, na shoti ya mikono ikaendelea kutoka hapohapo, hatauona mkato. Wengi tunarudia fremu (hapa ni zile picha moja moja zinazounda video) 2 au 3 mwanzoni mwa shoti inayoingia, yani kitendo kirudi nyuma kidogo sana, kwa sababu jicho linachukua muda mdogo kuizoea picha mpya. Ukioanisha kihesabu kabisa mara nyingine inaonekana imeruka. Jaribu fremu 1, jaribu 3, cheza nayo bila kuisimamisha, utahisi mwenyewe.

Kutoka kwenye fremu: wakiondoka wametokea kulia, shoti inayofuata waingie kutokea kushoto, safari inaendelea mbele. Wakiingia kulia watazamaji wanaona wamerudi.

Sauti: kila siku mkimaliza wote mnyamaze, rekodini mawimbi matupu dakika nzima, maiki ikiwa palepale. Hiyo mnailaza chini ya sini yote mfululizo na maneno yanakaa juu yake, masikio yakisikia bahari moja macho yanakubali mambo mengi. Alafu sauti isikatwe pamoja na picha kila mara. Acha sauti ya mtoto "mama" ianze wakati bado tunamuangalia mama anapanga vitu vyake, ndo tukate kwa mtoto. Na angalieni adhana ya magharibi, nyuma ya teki moja ipo na nyingine haipo, hapo huunganishi. Simamisheni subirini iishe.

sura_kwanza

Naheshimu yote yaliyosemwa ila ngoja niweke la upande mwingine kwa sababu naona huyu mdogo wetu atafika siku ya kuediti ana hofu ya fundo la kanga akasahau hadithi. Walter Murch, edita mkongwe wa Marekani, amepanga vigezo 6 vya mkato mzuri na akavipa asilimia. Hisia kaipa 51, hadithi 23, mdundo 10, jicho la mtazamaji lilipo kwenye fremu 7, alafu ndo inakuja mambo ya mstari na pande za fremu 5, na mwisho kabisa mtu yupo wapi kwenye nafasi halisi, 4. Hisia peke yake imezidi vyote vilivyobaki ukivijumlisha.

Kwaiyo una teki ambayo mama amemuona mwanae na macho yake yamefanya kitu ambacho hakitarudiwa tena, lakini pindo la kanga limehama. Tumia hiyo. Usiitupe eti pindo. Kama mama anaumiza kweli hakuna atakayeangalia pindo.

bi_skripti

Kaka sura_kwanza hapo nakubaliana na wewe kwenye chumba cha kuediti, ila ufukweni sikubaliani. Huyo mkongwe anachagua kati ya vitu vilivyopigwa vizuri, ana teki nyingi za kuchagua. Mwanafunzi mwenye kamera ya kuazima na jua la muda wa saa moja na nusu tu hana. Kazi ya daftari ni kwamba ile teki ya macho ya mama ikitokea, iwe inaingia bila kulazimisha. Kuulinda uigizaji wa yule mama ni pamoja na kutomrudisha Jumamosi nyingine kwa sababu ya kitu ambacho mtu angekiona pale pale kama angekuwa anaangalia.

Ila la kuogopa kupita kiasi ni kweli. Mdogo wangu usimsimamishe mama katikati ya machozi kumrekebishia kanga. Subiri dairekta aseme kata.

sura_kwanza

Hilo la kutomsimamisha ndo nililokuwa nalitafuta, basi tupo pamoja. Naongezea tu kila siku wapige shoti za kuokolea, mikono inakunja kiroba, kamba ya dau inayocheza kwenye maji, miguu ya mtoto mchangani, kitu chochote kisicho na mdomo unaoongea. Pindo likihama kati ya teki mbili nzuri unaweka sekunde 2 za kamba hapo katikati na unaendelea.

edita_lindi

Na mipangilio ya kamera nisisahau maana mna kamera na simu. Zote ziwe fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila picha inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni hezi 50 kwaiyo hata mkiingia ndani kwenye taa za tyubu picha haitapepesa. Simu nyingi zenyewe zinakaa 30 na zinapandisha zinashusha zinavyotaka, tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kufunga. Waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) ifungwe pia, kwa jua anzeni na kelvini 5600, msiache otomatiki, jioni jua linavyokuwa la njano simu inalisafisha lirudi jeupe na kila klipu inakuwa na rangi yake. Eksposha (kiasi cha mwanga) vilevile. Programu ya kuediti DaVinci Resolve ya bure inatosha kabisa kusawazisha rangi kama hivi vimefungwa. Ila kama mnaweza, sini hii yote pigeni na kamera ya chuo, simu ibaki kwa shoti za kuokolea.

kamera_ya_chuo (Mtwara)

Nimenakili yote kwenye daftari la kontinyuiti ukurasa wa kwanza. Kesho asubuhi tunaenda bandarini kuuliza jedwali la maji kabla hatujamthibitishia mama tarehe. @maji_na_mwezi ni bora tuanze siku ya maji kujaa au kupwa? Hadithi inakubali zote.

maji_na_mwezi

Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji hayapandi sana wala hayashuki sana, kwaiyo kuanzia saa 10 mpaka jua kuzama ufukwe haubadiliki sura kama wakati wa bamvua, mnapata muda mrefu wa kupiga nyuma pakiwa vilevile. Na baada ya siku 14 mnaikuta nusu nyingine ya mwezi, maji mafu tena. Mama msimuweke karibu sana na maji hata hivyo, apange biashara yake juu kidogo karibu na pale madau yanapovutwa, ndo wauza samaki wa kweli wanapokaa.